Zahanati ya Marehemu



Kama unaishi Mbagala, Tandika, Yombo, Kimara au Bunju, bila shaka ipo zahanati mtaani kwako ambayo hakuna anayeiita kwa jina lililoandikwa kwenye kibao. Kibao kina jina refu, lina "afya" na "jamii" ndani yake. Watu wanasema tu kwa Daktari. Mtoto amechemka usiku, apelekwe kwa Daktari. Konda naye anapaza sauti, "Kwa Daktari, wanaoshuka!" Na huyo Daktari mara nyingi ni tabibu aliyestaafu serikalini, kiinua mgongo chake chote kimeishia kwenye matofali yale. Mkewe ni muuguzi, mpwa wake yuko mapokezi, binti yake akija likizo anakaa dirisha la dawa. Pengine mwenyewe pia ana shule ya awali nyuma ya uzio, kwa sababu watu wa namna hii hawatosheki na kazi moja.

Halafu siku moja Daktari anafariki. Geti linafungwa kwa msiba, na linapofunguliwa vitanda ni vile vile, mizani ya watoto bado inaning'inia pale pale, lakini dawa hazijaja. Aliyekuwa akielewana na muuzaji wa jumla wa Kariakoo ni marehemu. Leseni imebandikwa ukutani kwa jina la marehemu. Namba ya kulipia kwa simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha marehemu, wagonjwa wanaendelea kutuma pesa kwenye laini ambayo namba yake ya siri haijulikani na mtu. Mtoto mkubwa yuko Mwanza, hakusomea tiba. Wajomba wanataka kiwanja kiuzwe. Baada ya mwaka ukipita utakuta saluni upande mmoja, duka la nondo na saruji upande wa pili, na konda bado anaita, "Kwa Daktari!"

Ninazo kichwani zahanati kadhaa za namna hiyo, za Temeke na za Kinondoni, na sitazitaja, maana wenyewe wapo na vidonda havijapona. Jioni hii nataka tumzungumzie mtu ambaye mambo yake hayakwenda hivyo, japo kwa kila dalili yalipaswa kwenda hivyo.

Jina lake kamili ni Hubert Clemence Mwombeki Kairuki. Alizaliwa mwaka 1940, akawa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, akawa profesa. Mwaka 1987 alianzisha hospitali Mikocheni. Mwaka 1997 akaanzisha chuo kikuu cha tiba pale pale kwenye hospitali. Februari 1999 akafariki dunia, hajafikisha miaka 60. Mwaka huu tunaoongea, hospitali ipo, chuo kipo, na mti umetoa matawi mengine. Swali langu ni jepesi kuliuliza: kwa nini yake ilibaki?

Tuanze na mwaka 1987, kwa sababu vijana wanaotusikiliza wanaweza kudhani kufungua hospitali binafsi wakati huo ilikuwa suala la mtaji tu. Haikuwa hivyo. Tulikuwa na Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977, iliyozuia tiba ya biashara. Daktari hakuruhusiwa kuning'iniza kibao chake akatoza watu pesa kwa faida yake. Zilizoruhusiwa zilikuwa hospitali za mashirika ya dini na mashirika mengine yaliyokubaliwa na serikali. Sababu yake ilieleweka. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 madaktari Waafrika wa Tanganyika walikuwa 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na kila daktari aliyetoka pale alikuwa amesomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba na wa kahawa. Azimio la Arusha lilikuwa limeshasema lake mwaka 1967. Kumwacha daktari huyo akafungue duka la sindano Upanga ilionekana ni dhuluma, na mimi sioni kwamba waliofikiri hivyo walikuwa wajinga.

Lakini ikaja miaka ya themanini. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka: sabuni kwa foleni, unga kwa foleni, mjamzito anaambiwa aje wodini na pamba yake, glovu zake, na wakati mwingine mafuta ya taa. Mzee Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, milango ya biashara ikaanza kufunguliwa mmoja mmoja, ila mlango wa tiba ulichelewa. Sheria ile ya 1977 ilirekebishwa mwaka 1991. Kati ya 1985 na 1991 palikuwa na kipindi ambacho wakubwa walijua ukuta utaanguka, lakini hakuna aliyetaka kuonekana ameusukuma.

Hospitali ya Mikocheni ilizaliwa katikati ya kipindi hicho, na ilizaliwa kwa jina la Mission Mikocheni Hospital. Nikilitazama jina hilo leo, na sheria ya wakati ule nikiwa nimeishika mkononi, naona akili ya mtu aliyejua kupita kwenye mlango uliokuwa wazi badala ya kusimama kulaani ule uliofungwa. Hiyo ni tafsiri yangu, msikilizaji, usiende kumbebesha mtu mwingine.

Na Mikocheni yenyewe haikuwa hii ya leo. Mwaka 1988, sensa ilipopita, jiji zima la Dar es Salaam lilikuwa na watu kama milioni 1.36. Sensa ya 2022 imetukuta milioni 5.38. Wilaya zilikuwa tatu tu, Kinondoni, Ilala na Temeke; Ubungo haijakatwa kutoka Kinondoni, wala Kigamboni kutoka Temeke. Ukitoka Posta kwenda Mikocheni ulikuwa unatoka mjini. Watu wa mitaa hiyo walijifungulia Muhimbili au Mwananyamala. Amana, Mwananyamala na Temeke hazikuwa hospitali za rufaa za mkoa kama zilivyo sasa. Kumpeleka mke mwenye uchungu usiku wa manane kutoka pembezoni hadi Muhimbili, kwa usafiri wa kubahatisha, ilikuwa safari ya kumwachia Mungu. Kwa bingwa wa uzazi aliyekuwa anapokea kina mama hao wakiwa wamechelewa, haikuhitaji utafiti kujua hospitali iwe wapi.

Hadi hapo bado hatujatoka kwenye habari ya "kwa Daktari". Mtu na mkewe wamefungua hospitali. Mke huyo, Mama Kokushubila Kairuki, ni mwanzilishi mwenza, na nitarudi kwake. Kama wangeishia hapo, nadhani leo ningekuwa nazungumzia kitu kingine.

Kilichobadilisha hesabu ni ule mwaka 1997. Miaka miwili kabla, mwaka 1995, sheria ya elimu ilirekebishwa, kikaundwa chombo cha kutoa ithibati kwa vyuo vya elimu ya juu, na watu binafsi wakaruhusiwa kuanzisha vyuo vikuu. Wengi waliosikia habari hiyo walifikiria biashara, uongozi, sheria, masomo yanayohitaji ubao, viti na spika. Profesa Kairuki akachagua tiba na uuguzi, somo ghali kuliko yote, linalotaka maabara, maiti za kusomea anatomia, na zaidi ya yote wagonjwa. Wagonjwa alikuwa nao. Chuo kikaanza kwa jina la Mikocheni International University of Health Sciences, kwenye viwanja vya Regent Estate, barabara ya Chwaku.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye jambo langu.

Hujawahi kuingia wodi ya hospitali inayofundisha? Saa tatu asubuhi bingwa anaingia na kundi la makoti meupe nyuma yake, mengine bado yana mikunjo ya dukani. Wanasimama kwenye kitanda cha mama aliyelazwa kwa presha ya mimba. Bingwa haongei. Anamtazama mwanafunzi wa mwaka wa nne, na mwanafunzi anafungua faili na kuanza: umri wake, mimba ya ngapi, wiki ngapi, presha ya jana jioni, presha ya leo alfajiri, mkojo umepimwa protini kiasi gani. Akiruka kitu, bingwa anauliza. Kwa nini umempa dawa hii na si ile? Nani aliagiza? Imeandikwa wapi? Mwanafunzi anatokwa jasho. Mama pale kitandani anasikia kila neno, na kama ni mwerevu naye anachangia, "Daktari, presha ya usiku hawakupima." Kundi zima linageuka kumtazama muuguzi wa zamu.

Linganisha na kwa Daktari kwetu. Daktari wetu anajua kila kitu, na kila kitu kimo kichwani mwake. Anajua kwamba mama Sele hapatani na dawa fulani, anajua ni nani analipa mwisho wa mwezi, anajua jenereta linaamka kwa mateke mawili. Hajaandika, maana amwandikie nani? Yeye yupo. Anaamini anaihudumia zahanati kwa kuwa kila jambo lazima lipite kwake, kumbe anaipunguzia umri. Hospitali yenye wanafunzi haiwezi kuishi hivyo hata ikitaka. Kila siku kuna mtu mdogo anayeuliza kwa nini, na kuna mtu mkubwa anayelazimika kujibu kwa sauti mbele ya watu. Ujuzi unatoka kichwani, unaingia kwenye faili, unaingia kwenye kichwa kingine. Mwalimu, kwa kazi yake tu, anashinda kutwa akiandaa watu wa kukaa kwenye kiti chake. Mwenye mali hulala akiwaza nani anataka kiti hicho.

Kwa hiyo nikiulizwa ni nini kilichoiokoa ile nyumba ya Mikocheni, sitaanza na pesa wala na majina makubwa. Nitaanza na ukweli kwamba mwenye hospitali alijigeuza mwalimu kabla hajafa.

Na alikufa mapema mno. Angalia hesabu. Chuo kimeanza 1997, mwanzilishi amefariki Februari 1999. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Maana yake siku ya mazishi hapakuwa na daktari hata mmoja aliyezalishwa na chuo chake. Palikuwa na wanafunzi waliolipa ada, wazazi wenye wasiwasi, walimu wenye mikataba, na chuo ambacho bado hakijapata ithibati kamili. Nchi nzima ilikuwa haijui kama chuo kikuu cha mtu binafsi ni kitu cha kweli au ni mchezo. Mzazi wa Tabora aliyeuza ng'ombe amlete kijana wake Mikocheni, unadhani alilala usiku ule?

Na familia nayo ilikuwa na lake la kuamua, na uamuzi wa aina hiyo hapa kwetu haufanywi na mjane peke yake. Tuongee ukweli kuhusu mirathi. Tanzania Bara tuna sheria tatu kwa wakati mmoja: ya kimila, ya Kiislamu, na ile ya India ya mwaka 1865 tuliyorithi kwa Mwingereza. Ukifariki bila wosia, watu wanaanza kubishania kwanza ulikuwa unaishi kwa sheria ipi. Sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963 haimpi mjane urithi wa mali ya mumewe. Inamwambia atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa kwetu, ikasema nchi imewakosea. Kutoka Kagera nako kuna ile kesi maarufu ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, mwaka 1990, ambapo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alisema mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawasawa na mwanamume. Wanasheria wanaikariri mpaka leo. Mtaani, ndugu, wajomba hawajaisoma.

Katika nchi yenye mazingira hayo, mjane wa Profesa Kairuki hakubaki kutunzwa. Mama Kokushubila alikaa kwenye kiti cha uenyekiti wa taasisi, na jina la ukoo likaendelea kuonekana kwenye uongozi wake hata kizazi cha watoto. Simjui kwa karibu, na sitajifanya nayajua ya nyumbani kwake. Ninachokiona kwa nje kinatosha. Hospitali haikugawanywa vyumba. Hakuna mtoto aliyepewa maabara na mwingine akapewa wodi ya wazazi. Mali ilibaki kipande kimoja, chini ya jina moja, na mwenye dhamana mmoja akakaa kwenye kichwa cha meza.

Hilo ni la kwanza. La pili ni gumu zaidi kwa familia zetu: waliwaachia wataalamu kazi ya wataalamu.

Chuo kiliongozwa na Profesa Esther Mwaikambo. Kwa wasiomjua, huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa nchi hii kuwa daktari wa tiba. Alisoma Moscow, akahitimu mwaka 1969, akawa bingwa wa watoto. Ni miongoni mwa walioanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka ule ule 1987 hospitali ya Mikocheni ilipofunguliwa. Mama huyu hakuwa mpwa wa mtu. Aliwekwa pale kwa sababu wenzake wa Muhimbili walijua uzito wake, na mzazi wa Tabora akisikia jina hilo anapunguza wasiwasi. Mwaka 2000 chuo kikapata ithibati, cha kwanza kati ya vyuo vikuu binafsi hapa nchini. Kilikuwa kimeshabadilishwa jina, kikaitwa Hubert Kairuki Memorial University.

Baadaye aliyekaa kwenye kiti cha Makamu Mkuu wa Chuo ni Profesa Keto Mshigeni, ambaye si daktari wa binadamu hata kidogo. Ni mtaalamu wa mimea ya baharini. Mwani unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani una mkono wake, maana yeye ni kati ya waliouchunguza na kuupigia debe tangu miaka ambayo watu waliuona ni takataka za pwani. Alikuwa amefanya kazi pia Namibia. Kumkabidhi chuo cha tiba mtu wa mwani, sijui kama wajomba wangekubali. Lakini chuo kikuu kinahitaji mtu anayejua chuo kikuu ni nini, na huyo alikijua.

Ukitaka kujua tofauti, nenda kwenye zahanati yoyote ya urithi huku kwetu, uulize mganga mfawidhi ni nani. Utaambiwa ni fulani, ameajiriwa, ana cheti safi. Kisha uliza nani anaamua dawa gani zinunuliwe. Kimya. Halafu kijana mmoja mwenye ufunguo wa gari anakohoa. Kijana si mtu mbaya. Alikulia pale, aliona baba akifanya, anaamini kuona ni kujua. Mganga mfawidhi akivumilia miezi sita ni mingi.

Sasa sitaki uniondokee ukidhani nawasifia watu tu. Ipo hoja ya upande wa pili, na ni nzito, na wasikilizaji wangu wa Temeke wameshaanza kunung'unika tangu nilipotaja Mikocheni.

Hoja ni hii: Mikocheni ni ya nani? Serikali ilianza uchangiaji wa gharama hospitalini mwaka 1993, na tangu hapo mgonjwa wa Dar es Salaam anapimwa mfuko kabla ya kupimwa presha. Hospitali binafsi inalipa mishahara, umeme, kodi, vipimo vya kuagiza nje. Haiwezi kutoza bei ya Mwananyamala. Mama wa Mbagala Charambe anayekaanga mihogo hatajifungulia Regent Estate, na ada ya kumsomesha binti yake udaktari kwenye chuo binafsi, hata kama Bodi ya Mikopo tuliyoipata kwa sheria ya 2004 itamshika mkono, inabaki mlima. Wale waliotunga sheria ya 1977 wangekuja leo wakatuona, wangesema: si tuliwaambia?

Nami ningewajibu kwamba waliona sawasawa tatizo, ila dawa yao iliishia kuwafanya wote wakose pamoja. Idadi ya madaktari isingetosha kwa Muhimbili peke yake kufundisha. Mtoto wa tajiri anayesomea Mikocheni hamnyang'anyi mtoto wa Charambe nafasi Muhimbili; kinyume chake, anamwachia. Na daktari akishahitimu, wodi haiulizi ulisomea kwa ada au kwa mkopo. Ukilazwa Temeke leo usiku, anayekuja na taa ya mkononi kukutazama mboni anaweza kabisa kuwa ametoka barabara ya Chwaku. Hilo halimalizi hoja ya bei. Linaipunguza makali tu.

Bima ndiyo ingemaliza, au tulidhani ingemaliza. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa shule ya msingi Keko akaweza kuingia hospitali binafsi kwa kadi. Hospitali nazo zikamzoea mteja huyo, zikapanua majengo zikimtegemea. Halafu ikaja Machi 2024, mfuko ukatoa kitita kipya cha bei, hospitali binafsi kadhaa zikasema kwa bei hizi tunafunga, zikasitisha kupokea kadi. Mnakumbuka wiki ile. Watu walikuwa wanazunguka na wagonjwa wa figo mjini kama wanatafuta nyumba ya kupanga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilikuwa imepitishwa mwaka uliotangulia, 2023, wino haujakauka.

Nataja haya kwa sababu mtihani wa taasisi za namna hii sasa umehamia hapo. Kifo cha mwanzilishi walishakivuka. Kinachowakabili ni mteja mmoja mkubwa, serikali, ambaye kwa kalamu moja anaweza kuwafanya wakose mishahara. Ukitazama njia walizochukua watu wa Kairuki, utaona hofu hiyo imo ndani yake: wamejenga kiwanda cha maji ya dripu kule Zegereni, Kibaha, wamefungua kituo cha kupandikiza mimba kule Bunju, wana shule ya uuguzi, vyote chini ya mwavuli mmoja wanaouita mtandao wa afya na elimu wa Kairuki. Mwanzilishi alikuwa bingwa wa uzazi, kwa hiyo Bunju naielewa moja kwa moja. Kibaha ilinichukua muda. Kisha nikakumbuka kwamba hospitali inanunua maji ya dripu kila siku ya Mungu, na muda mrefu nchi hii ilikuwa inayaleta kwa meli. Chumvi na maji, jamani, kwa meli.

Je, wakipanuka hivyo hawatarudi kulekule kwenye biashara ya familia, ambapo jina ni kubwa kuliko kazi? Inawezekana. Mwanzilishi anapokuwa jina la hospitali, jina la chuo, jina la kiwanda na jina la kliniki, kila doa la tawi moja linapaka matawi yote. Muuguzi mmoja mwenye ulimi mkali Mikocheni anaweza kumharibia muuza dripu wa Kibaha. Familia nyingi za Kihindi za mjini kwetu zililijua hilo zamani, ndiyo maana hospitali zao ziliziita kwa jumuiya au kwa msamaria wa zamani, wenyewe wakajificha nyuma ya bodi ya wadhamini. Lipi bora? Mimi napenda jina la mtu liwepo, maana jina linaona aibu, na bodi haina uso. Wengine mtanipinga, namba zetu za simu mnazijua.

Kabla muda haujanitupa mkono, niwageukie wale wenye zahanati zao wanaonisikiliza sasa hivi, pengine mmekaa mapokezi redio iko juu ya friji ya chanjo. Fanya mambo haya wiki hii. Leseni ya kituo na hati ya kiwanja zikae kwa jina la kampuni iliyosajiliwa BRELA au la wadhamini, si lako. Namba ya kupokelea malipo iwe ya kituo. Wosia andika, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea na kutunza wosia za watu, wanataka karatasi iliyosainiwa sawasawa na mashahidi. Mtaje mwenzi wako kwa jina lake kamili, maana "mke wangu" mahakamani huweza kuwa watatu. Na chukua wanafunzi. Vyuo vya tabibu na vya uuguzi vinahangaika kutafuta mahali pa kupeleka vijana kufanya mazoezi. Mwombe mkuu wa chuo akuletee wawili. Watakuuliza maswali ya kukera, watakupotezea glovu, mmoja atavunja kipima joto. Mjibu kila swali, na umwambie aandike.

Wiki ijayo saa kama hii tutakuwa na mgeni kutoka soko la samaki la Feri, anataka kutueleza habari ya barafu. Kwa leo niseme kwaherini, na kwa wale wa zamu ya usiku, Temeke, Amana, Mwananyamala na kwingineko, zamu njema.